Jicho la mtoto na uzi mweupe

Ninacho kitabu kidogo cha sampuli ambacho humwonyesha kila mwanafunzi mpya wa ushonaji anayekuja kwangu. Kurasa zake ni karatasi nene ya kahawia, na kila ukurasa umeshikizwa kipande cha kitambaa cheupe: pindo, mshono wa kuunganisha, tundu la kifungo, kiraka juu ya flaneli, kipande cha soksi kilichozibwa tundu kwa kufumwa upya, uzi juu, uzi chini. Mwishoni kuna shimizi nzima, ina mikono, ina kikwapa, ina vifungo, lakini urefu wake haupiti kiganja changu. Aliyeishona alikuwa msichana wa shule ya msingi Uingereza, mwanzoni mwa karne ya 20. Jina lake halimo.

Wanafunzi wakiiona shimizi ile hucheka, wakidhani ni nguo ya mwanasesere. Kisha nawapa kioo cha kukuzia. Kicheko huisha hapo hapo, kwa sababu mishono ya pindo lake huwezi kuiona kwa macho matupu, unaigusa tu kwa ncha ya kidole. Ni uzi mweupe juu ya bafta nyeupe. Mimi nimeshona kwa miaka zaidi ya 20 na sijui kama ningeweza kuifanya kazi ile leo bila miwani. Aliyeifanya huenda alikuwa na miaka kumi na moja.

Kazi kama hii haikutokana na mapenzi ya mwalimu mmoja. Mwaka 1862 serikali ya Uingereza ilianza kuzilipa shule kwa kuangalia kile ambacho mkaguzi alikuta watoto wanakijua. Wote walipimwa kusoma, kuandika na hesabu, na shule yenye wasichana iliyotaka ruzuku ilipaswa pia kuwafundisha kushona. Hapa kushona maana yake si kutarizi maua. Ni mashati, nguo za ndani, shuka, viraka na soksi zilizotoboka. Shule hizi zilikuwa za watoto wa maskini, na msichana aliandaliwa ama kuwashonea mume na watoto wake, ama kuwa mtumishi katika nyumba ya wenye nafasi. Muda aliokaa na sindano ulitoka kwenye muda wa masomo mengine, na serikali yenyewe ililijua hilo: wakaguzi waliruhusiwa kuwa wapole zaidi kwa wasichana walipowapima hesabu. Kila nikikumbuka jambo hilo hukasirika.

Udogo wa shimizi una sababu ya kawaida kabisa. Kitambaa ni ghali, na mtoto akishona nguo kubwa atamaliza muhula mzima kwenye pindo moja. Nguo ndogo inapita hatua zote, kukata, kuunganisha, kutia marinda, kupachika mikono, kwa kitambaa kisichofika nusu yadi. Hata mimi hutumia njia hiyo kufundisha kola. Ila udogo wa nguo ulileta udogo wa mshono, na mshono mdogo ndio ambao mkaguzi aliusifu.

Darasa moja lingeweza kuwa na watoto 60. Mwalimu hawezi kuwapitia wote mmoja mmoja na kuwashika vidole. Ndipo likaja zoezi la sindano, lililofanywa kwa amri kama gwaride: inua sindano, shika uzi, tunga, vaa subana, weka kitambaa juu ya kidole cha shahada. Wadogo kabisa, ambao hawajafika hata darasa la kwanza, walizoezwa hivyo. Kisha walipewa utepe wa kitambaa wa inchi 18 kwa inchi 2 wapinde pindo. Masharti ya serikali ya miaka ya 1880 yalitaja mpaka rangi za uzi na zamu zake: kwanza mweusi, halafu mwekundu, halafu bluu. Rangi ilisaidia mishono ionekane juu ya kitambaa cheupe. Mtoto akishaingia madarasa ya juu, rangi ilikwisha. Kuanzia hapo ni nyeupe juu ya nyeupe.

Kwa asiyeshona, nieleze kidogo kinachotokea. Unakunja ukingo mara mbili, unaubana, kisha unaingiza ncha ya sindano kwa mshazari chini kidogo ya mkunjo, unachota nyuzi mbili za kitambaa, mbili tu, halafu unapanda na kuushika ukingo wa mkunjo. Unavuta. Unarudia. Mshono wa kurudi nyuma una hesabu yake: unarudi nyuzi mbili, unakwenda mbele nyuzi nne. Ukitaka kuhesabu nyuzi za bafta lazima uinamishe kichwa mpaka pua ikaribie kitambaa. Mtoto wa miaka saba akikaa hivyo nusu saa, katika chumba cha shule cha nchi ambayo wakati wa baridi jua linazama saa kumi jioni, shingo na macho vinalipa. Walimu waliliona hilo. Waliokuja na jibu kamili zaidi, kwa maoni yangu, walikuwa Glasgow, huko Scotland.

Glasgow ya wakati huo ilikuwa mji wa meli na mashine. Mwendo mfupi kutoka hapo, Clydebank, kampuni ya Singer ilikuwa imefungua mwaka 1885 kiwanda kilichokuja kuwa kikubwa kuliko vyote duniani kwa kutengeneza vyerehani. Ndiyo, Singer zile zile nyeusi zenye maandishi ya dhahabu ambazo mafundi wetu wa barazani wamezikanyaga vizazi na vizazi. Kwa hiyo wasichana wa Scotland walikuwa wakihesabu nyuzi kwa mkono huku mashine zinazoshona pindo kwa dakika moja zikipakiwa melini jirani nao. Kama mashine imeshachukua kazi ya pindo refu, mkono wa mtoto unafundishwa nini?

Katika shule ya sanaa ya mji huo, Glasgow School of Art, Jessie Newbery alikuwa ameanzisha darasa la kutarizi mwaka 1894. Alipenda vitambaa rahisi ambavyo mwanamke yeyote angeweza kuvipata, kitani na pamba isiyopaushwa, ile tunayoiita merikani, na alitaka kila mwanafunzi achore pambo lake mwenyewe. Mwanafunzi wake Ann Macbeth alikuja kuwa msaidizi wake, kisha akashika nafasi yake. Jumamosi walimu wa shule za kawaida walikuja kujifunza hapo, wakarudi na ujuzi huo madarasani kwao. Mwaka 1911 Macbeth na mwenzake Margaret Swanson walitoa kitabu, Educational Needlecraft, na dibaji yake iliandikwa na Margaret McMillan, mwanamke aliyepigania afya ya watoto wa shule Uingereza. Huyo hakuchaguliwa ovyo. Kitabu hiki kinaanza na mwili wa mtoto.

Hoja yao ni hii. Mtoto wa miaka sita ana jicho na mkono ambavyo bado havijakomaa kwa kazi ndogo. Anachomudu ni mwendo mpana wa mkono. Basi mpe kitambaa cha nyuzi nene, sindano kubwa, na uzi wa rangi inayopingana kabisa na kitambaa, ili auone mshono wake mwenyewe bila kuinama. Kazi ndogo isubiri umri wake. Mshono wa kwanza uwe bandi.

Hapo kwenye bandi ndipo ninapotaka kukaa kidogo, maana hapo ndipo akili yao inaonekana. Sisi wote tuliofundishwa kushona tunaijua bandi kama mshono wa muda. Unapiga bandi kushikilia kitambaa, unashona mshono wa kweli, kisha unaivuta bandi na kuitupa. Macbeth na Swanson wakaiacha bandi ibaki. Mtoto anakunja ukingo, anapiga bandi ya uzi mwekundu juu ya kitambaa kizito, na bandi ile inafanya kazi mbili kwa pamoja: imeshika mkunjo, na imechora mstari wa rangi. Akipiga mstari wa pili, mishono yake ikiangukia kwenye mapengo ya mstari wa kwanza, anapata pambo kama tofali zilizopangwa ukutani. Akipitisha uzi wa bluu chini ya mishono ile, juu na chini, anapata wimbi. Hakuna ua lililonakiliwa kutoka karatasi ya mwalimu. Pambo limetoka kwenye kazi yenyewe, na aliyepanga mistari ni mtoto. Tena hawakuandika kwa ajili ya wasichana peke yao. Mvulana naye anatajwa humo.

Mwaka mmoja kabla ya kitabu hicho, Macbeth alikuwa amefanya kazi nyingine ambayo kila nikiitazama picha yake nasimama. Wanawake wa Uingereza waliodai haki ya kupiga kura walikuwa wakifungwa, na gerezani wakigoma kula. Macbeth alitengeneza kitambaa kikubwa cha kitani kilichounganishwa vipande vipande, na juu yake zimetariziwa saini za wanawake 80 waliogoma kula. Kiliuzwa Glasgow mwaka 1910 katika soko la kuchangia harakati zao, Emmeline Pethick-Lawrence, mmoja wa viongozi wa harakati hizo, akakinunua kwa pauni 10, na Juni mwaka huo huo kikabebwa kama bendera katika maandamano ya London. Leo kimehifadhiwa katika jumba la makumbusho la London. Mishono yake ni ile ile ya shuleni, lakini majina yapo, yote 80.

Sasa nirudi kwangu. Nilipoanza kufundisha watoto siku za Jumamosi, niliwaanzishia pindo, uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe, kwa sababu mimi mwenyewe chuoni nilifundishwa hivyo. Baada ya wiki tatu nusu ya watoto hawakurudi. Mama mmoja akaniambia, "Mwalimu, mtoto anasema macho yanawasha." Nililaumu simu na televisheni. Nilikuwa nimekosea, na nilichopaswa kukumbuka kilikuwa nyumbani kwetu miaka yote.

Bibi yangu alishona kofia. Mnajua kofia zetu za pwani, vitobo vyake vidogo vinavyozungushwa uzi kimoja kimoja mpaka vijae maua. Ni uzi mweupe juu ya nguo nyeupe, sawasawa na shimizi yangu ya Uingereza. Lakini bibi alikaa kwenye mlango asubuhi, jua likiwa zuri, na adhuhuri aliweka kando, hakuna aliyemlazimisha kuendelea. Mimi sikuruhusiwa kuigusa kofia hata kidogo. Nilipokuwa na miaka saba alinipa sindano nene na ukili, nishone mkeka. Ukili ni mpana, umetiwa rangi nyekundu na kijani, kila mshono unauona, na ukikosea hata aliye upande wa pili wa uwanja anakuona. Nilishona mikeka mpaka nikavunja ungo. Kofia ilikuja baadaye, na ilipokuja vidole vilikuwa tayari. Bibi hakusoma kitabu cha Glasgow, na wale wa Glasgow hawakumwona bibi.

Kwa hiyo nilibadilisha. Watoto wangu wa Jumamosi sasa wanaanza na kitambaa cha gunia la katani kilichofuliwa mpaka kikalainika, sindano butu ya kuunganishia sweta, na uzi wa sufu wa rangi wanayoichagua wenyewe. Kama utajaribu nyumbani, kata kipande cha upana wa daftari na uvute uzi mmoja wa gunia kutoka ukingo hadi ukingo. Pengo litakalobaki litakuwa mstari wa kumwongoza mtoto, huna haja ya chaki. Usimwambie urefu wa mshono. Mwache apige bandi mpaka mwisho, atazame, kisha aamue mstari wa pili uende wapi. Asipozidi robo saa kwa mara moja, inatosha.

Wavulana wanne wamo kwenye kundi la sasa. Kitambaa cha kwanza cha kila mtoto kina jina lake, kwa bandi, herufi kubwa kama kidole. Wiki iliyopita mmoja wao, mwenye jina refu, alifika ukingo wa gunia herufi mbili hazijaingia. Akakigeuza kitambaa na kuzimalizia nyuma.