Mahali ni nini? Kisumu, Nakuru na majina yasiyokubali kufutika

Ukiwa Kisumu ukamwambia mwenye boda boda, "Nipeleke Russia," hatakuuliza pasipoti. Atakutajia nauli, na baada ya muda mfupi mtakuwa mbele ya lango la hospitali kubwa ya rufaa ambayo ubao wake umeandikwa jina la Jaramogi Oginga Odinga. Hospitali hiyo ilijengwa kwa msaada wa Muungano wa Kisovieti na ikafunguliwa Oktoba 1969. Nchi iliyotoa msaada ilisambaratika mwaka 1991. Jina rasmi nalo limebadilishwa. Lakini mgonjwa wa mtaa wa Manyatta bado analazwa Russia, na dada yake anayempelekea uji wa asubuhi bado anakwenda Russia.

Katika jiografia ya binadamu, yaani tawi linalochunguza namna watu wanavyoishi na kuipanga dunia yao, kisa kama hiki huelezwa kwa neno moja: mahali. Neno tunalijua sote, na huenda ndiyo sababu linatuponyoka. Kwa wanajiografia, mahali si nukta kwenye ramani. Nukta ya Kisumu ni rahisi kuitaja: kusini kidogo ya ikweta, kwenye ncha ya ghuba ya Winam, Ziwa Victoria. Ukishasema hivyo bado hujasema lolote kuhusu Kisumu.

Yi-Fu Tuan, mwanajiografia aliyezaliwa China akafundisha Marekani, ndiye aliyeieneza tofauti kati ya nafasi na mahali katika miaka ya 1970. Nafasi ni eneo ambalo bado halijamgusa mtu. Likishazoeleka na kupewa thamani, limekuwa mahali. Chukua ploti iliyopimwa juzi pembezoni mwa mji, ina bikoni nne na nyasi tu. Hiyo ni nafasi. Mama mmoja akija akatandika gunia la omena chini ya mti uliopo pale, wateja wakaanza kuambiana "tukutane pale kwa omena", kazi imeanza. Miaka kumi baadaye mama amehama, mti umekatwa, na makanga bado anaita steji hiyo kwa jina la omena.

Kiswahili kwa kweli kililiona jambo hili zamani. Mahali ni neno lenye ngeli yake peke yake, na ngeli hiyo ina milango mitatu: pa, ku na mu. "Pale Kisumu" ni mahali mahususi, unaweza kupaonyesha kwa kidole. "Kule Kisumu" ni upande wa huko, bila mipaka. "Mle Kisumu" ni ndani, kati ya watu na shughuli zao. Wanajiografia nao hupenda kugawa mahali pande tatu: palipo kwenye ramani, sura yake inayoonekana (barabara, soko, nyumba, ziwa), na hisia ambazo watu wanazo juu yake. Havilingani na ngeli zetu sawasawa, na sitaki kulazimisha. Ila anayejua kwa nini "mle" si "pale" ameshafika nusu ya safari.

Sasa utambulisho wa mahali hutoka wapi? Tuanze na jina, maana Kisumu jina lenyewe ni hadithi. Katika Dholuo linahusishwa na neno la kwenda kutafuta chakula kwa kubadilishana, kazi ya siku za njaa: mmoja ana samaki, mwingine ana nafaka. Kwa hiyo kabla ya bati la kwanza kuezekwa, pale palikuwa tayari pa watu kukutana. Desemba 1901 reli kutoka Mombasa ikafika ziwani, na wajenzi wakakiita kituo hicho Port Florence, kwa heshima ya Florence, mke wa Ronald Preston aliyesimamia utandazaji wa reli. Na wakati huo pale hapakuwa ndani ya eneo ambalo baadaye liliitwa Kenya. Palikuwa upande wa Uganda, hadi mwaka 1902 Waingereza walipohamisha mpaka. Mji haukusogea hata hatua moja. Ni mstari uliosogea.

Port Florence halikudumu. Russia limedumu. Nadhani sababu ni kwamba jina huishi mdomoni mwa wanaolihitaji. Mke wa mhandisi hakuwa na jambo na wavuvi na wachuuzi wa pale, lakini hospitali ilikuwa na jambo na kila nyumba. Eldoret pana mfano wa aina hiyo hiyo: mji ulianza kwenye shamba lililoandikwa namba 64 katika ugawaji wa ardhi kwa walowezi, ukapewa jina la Eldoret mwaka 1912, lakini wazee wa Kinandi wameendelea kuuita Sisibo, yaani hiyo hiyo sitini na nne ya Kiingereza iliyotiwa ladha ya nyumbani.

Lakini jina peke yake halijengi mahali. Njia ndizo zinazojenga. Reli ilileta mafundi na wenye maduka kutoka Bara Hindi, ikaleta vipande vya meli vilivyoungwa hapo hapo Kisumu na kuteremshwa majini, na kwa miongo kadhaa mji ukawa mlango wa Uganda: mizigo inashuka kwenye behewa, inapanda melini. Kisha reli nyingine ikachepuka Nakuru, ikapita Eldoret, na mwaka 1931 ikafika Kampala. Kisumu ambayo ilikuwa mwisho wa safari ikajikuta kwenye tawi. Hakuna aliyebomoa kitu Kisumu mwaka ule. Ni njia panda iliyowekwa mbali, Nakuru, iliyobadilisha maana ya gati lake.

Doreen Massey, Mwingereza aliyefariki 2016, aliliweka hivi: mahali ni fundo la njia nyingi, na kinachopafanya pawe pa pekee ni jinsi njia hizo zilivyokutana hapo na si kwingine. Alikuwa akiwapinga wanaodhani kwamba mahali pana asili moja safi inayopaswa kulindwa dhidi ya wageni. Mimi namkubali kwa sehemu kubwa. Tazama mitaa ya Kisumu: Manyatta, mtaa uliojaa Wajaluo, una jina la Kimaasai. Milimani ni Kiswahili. Kajulu na Kanyakwar, zenye "ka" ya Kijaluo inayomaanisha kwa fulani, ni ardhi za koo zilizokuwapo kabla ya mji kuwafikia. Atakayesema Kisumu halisi ni moja tu kati ya hizo atakuwa na kazi.

Fundo hulegea pia. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, biashara ya meli kati ya nchi tatu za ziwa ilidhoofika na bandari ikaingia usingizi mrefu. Miaka ya 1990 likaja gugumaji, mmea wa Amerika Kusini uliosambazwa duniani kama pambo la bustani, likaziba ghuba hadi mitumbwi ikakwama. Kwa muda mrefu Kisumu ukawa mji wa ziwani ulioligeuzia ziwa kisogo. Kilichobaki kimeelekea majini kilikuwa zaidi vibanda vya samaki wa kukaanga pale Lwang'ni, jina linalomaanisha nzi. Watu walilitamka kwa hamu ya kula kabisa. Bandari ilipoanza kufufuliwa miaka ya karibuni, vibanda hivyo vilibomolewa. Kwenye mchoro wa bandari, ule ulikuwa ukingo wa maji unaohitaji nafasi. Kwa aliyekula pale Jumapili na wanawe, palikuwa mahali. Migogoro mingi ya ardhi mijini, ukiichokonoa, ndani yake utakuta maneno haya mawili yanagombana.

Hisia hazifanani hata kwa watu wa mtaa mmoja. Jina la Russia ninalolitaja hapa kwa utani kidogo lina upande mzito. Siku ya kufunguliwa kwa hospitali, Oktoba 25, 1969, rais Jomo Kenyatta na kiongozi wa upinzani Oginga Odinga walirushiana maneno hadharani, ghasia zikazuka, na askari wakafyatua risasi, watu walikufa. Kwa kijana aliyezaliwa wodini humo, Russia ni cheti chake cha kuzaliwa. Kwa mzee aliyekuwapo siku ile, ni jambo jingine.

Kueleza mabadiliko, Mmarekani Derwent Whittlesey alipendekeza mwaka 1929 kwamba kila kundi linaloishi pahali huacha alama zake juu ya alama za waliotangulia, tabaka juu ya tabaka. Wazo zuri, ila tabaka linakufanya ufikiri ya chini yamekufa. Mimi napenda zaidi mfano wa ukuta wa mjini baada ya uchaguzi. Bango la mgombea limebandikwa juu ya bango la uchaguzi uliopita, mvua inachana kona, na jicho la mheshimiwa wa zamani linachungulia shavuni mwa wa sasa.

Nakuru ni ukuta wa namna hiyo. Jina linatoka Kimaasai, na lina maana ya vumbi. Aliyepita huko mwezi wa Januari haulizi kwa nini. Hyrax Hill, kilima kilicho ukingoni mwa mji, kilichimbwa na Mary Leakey mwaka 1937, na masalia yake yanaonyesha watu waliishi pale maelfu ya miaka kabla ya reli. Walowezi wakaufanya mji kuwa soko la mashamba yao makubwa. Baada ya uhuru wakaja watu wa kila kabila kununua ardhi na kutafuta kazi, na mwanzoni mwa 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, baadhi ya majirani hao wakafukuzana. Sasa panda matatu usikilize makanga: Kaptembwa, Bondeni, Flamingo, London. Kikalenjin, Kiswahili, ndege na mji mkuu wa Uingereza, vyote ndani ya jiji moja, maana tangu Desemba 1, 2021 Nakuru ni jiji. Hati ya jiji haikuongeza watu usiku ule. Iliongeza madai: wenye nyumba wana sababu mpya ya kupandisha kodi, na wachuuzi wana hofu mpya ya kuambiwa hawaendani na hadhi.

Na ziwa lenyewe halikungoja hati. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010 Ziwa Nakuru limepanda, likameza lango kuu la zamani la hifadhi pamoja na majengo jirani. Maji yalipoongezeka, chumvi yake ilipungua, na viumbe vidogo vya kijani ambavyo heroe hula vikapungua nayo. Heroe, wale ndege wa waridi tunaowaita flamingo, wengi wao wakahamia Bogoria na maziwa mengine. Wale waliochorwa kwenye mabango ya hoteli na pembeni mwa matatu bado wako mjini, wamesimama kwa mguu mmoja.