Malimau tulinunua, kitambi tukakipita

Mwaka 2020, UVIKO-19 ulipoingia nchini, kila aliyekwenda soko la Majengo hapa Dodoma alirudi na malimau, tangawizi na vitunguu saumu. Bei ikapaa. Watu wakajifukiza nyungu, wakanywa mchaichai, na kila kundi la WhatsApp likapata daktari wake. Sisi wa lishe tulifurahi kimyakimya, maana si kawaida mji mzima kuzungumzia chakula na kinga ya mwili kwa wakati mmoja. Ila kitambi hakuna aliyekigusa.

Nacho ndicho kilichostahili kutajwa mapema. Agosti 2020, Barry Popkin wa Chuo Kikuu cha North Carolina na wenzake walijumlisha tafiti za nchi nyingi. Walikuta kwamba mgonjwa wa UVIKO-19 mwenye kiribatumbo, yaani BMI (kipimo cha uzito kulinganisha na urefu) ya 30 kwenda juu, uwezekano wake wa kulazwa ulikuwa zaidi ya mara mbili, na wa kufa uliongezeka kwa asilimia 48. Machi 2021 World Obesity Federation ikaeleza kuwa kati ya vifo milioni 2.5 vilivyokuwa vimeripotiwa duniani, milioni 2.2 vilitokea katika nchi ambazo zaidi ya nusu ya watu wazima wamezidi uzito. Takwimu hiyo ya pili naichukua kwa tahadhari, kwa sababu nchi hizo zina wazee wengi na huhesabu vifo vyao vizuri. Ile ya kwanza inatosha.

Sababu za kimwili zinaeleweka. Mafuta ya tumboni husukuma juu msuli wa kupumulia, kwa hiyo mgonjwa akilala chali mapafu hayapati nafasi ya kutanuka. Mafuta hayo pia hutoa kemikali zinazouweka mwili katika hali ya mapambano muda wote, hivyo kirusi kinapoingia kinga inashambulia ovyo. Ongeza damu inayoganda kwa urahisi, ongeza kisukari. Mafua ya H1N1 ya mwaka 2009 yalikuwa yameshatuonyesha jambo hilohilo.

Sasa usikimbilie kumsema mwenye kitambi. Njoo kwanza mashineni.

Mama anafika na debe la mahindi. Kijana wa mashine, uso mweupe kwa unga, anauliza swali moja tu: "Nikoboe?" Akijibu ndiyo, ganda na kiini vinatoka, yaani nyuzinyuzi, mafuta mazuri na sehemu kubwa ya vitamini. Pumba inaingia kwenye kiroba, inauzwa kwa wafugaji. Kuku wa jirani wanashiba lishe, watoto wanabaki na wanga mweupe usiokaa tumboni.

Wengi husema ni ushamba wa kupenda weupe. Mimi sikubaliani. Dona, yaani unga wa mahindi yasiyokobolewa, lina mafuta ya kiini, kwa hiyo likikaa wiki kadhaa kwenye joto letu linaanza kuwa chungu. Mwenye duka hawezi kuweka shehena ya kitu cha namna hiyo. Sembe linakaa miezi. Halafu kuna sumukuvu, sumu ya ukungu unaoota kwenye mahindi yasiyokauka vizuri, ambayo mwaka 2016 iliua watu hapa Dodoma na Manyara. Sumu nyingi hukaa kwenye ganda na kiini, na kukoboa huipunguza. Kwa hiyo yule mama ana hoja, na kumwambia "kula dona" bila kushughulikia namna mahindi yanavyokaushwa na kuhifadhiwa ni kumwonea.

Mtama na uwele, nafaka za ardhi hii yenye msimu mmoja wa mvua, zimebaki zaidi vijijini. Sehemu ya mtama mweupe inanunuliwa na viwanda vya bia. Na mji umekua: sensa ya 2012 ililihesabu Jiji la Dodoma kuwa na watu 410,956, ya 2022 ikakuta 765,179. Hao wote wanakula mahali fulani mchana, na mahali penyewe mara nyingi ni kibanda cha chipsi. Mafuta ya kupima yananunuliwa kidogokidogo na kukaangiwa tena na tena. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, ya wanga 4. Soda ya mililita 350 ina vijiko vya chai 8 au 9 vya sukari. Maofisini nako kuna chai ya saa nne: andazi, sambusa, soseji. (Nimekaa kwenye semina za lishe zenye meza hiyohiyo.)

Tanzania haikufunga masoko mwaka 2020, na nadhani hilo liliokoa sahani nyingi. Kishindo kilikuja baadaye kupitia bei. Zaidi ya nusu ya mafuta ya kula tulikuwa tunaagiza nje, ingawa Singida na Dodoma ndiko kwenye alizeti, na Indonesia ilipozuia mawese yasiuzwe nje mwezi Aprili 2022, mafuta yalikuwa tayari yamepanda. Bei ikipanda, ugali haupungui. Kinachoondoka ni maharage, matunda na dagaa, kwa hiyo mtu anaweza kunenepa huku analishwa vibaya. Ndiyo maana hata kabla ya UVIKO-19, utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulikuta vitu viwili kwa pamoja: wanawake asilimia 28 wamezidi uzito au wana kiribatumbo, na watoto chini ya miaka mitano asilimia 34 wamedumaa.

Ningepewa bajeti ya mabango ya kuhimiza lishe bora ningeirudisha. Ningeanza na zabuni za chakula: kantini za Mji wa Serikali Mtumba, mabweni, shule za kutwa. Ugali wa uwele na mlenda wa karanga uwe kwenye mkataba angalau siku mbili kwa wiki. Nimeshajadiliana na wapishi kuhusu hili, na pingamizi lao si ladha. Ni mchanga. Uwele unapurwa chini, na mtu akitafuna chembe moja harudi tena. Kwa hiyo wakulima wa Chamwino wanahitaji maturubai ya kupuria na chama cha ushirika kinahitaji mashine ya kuchekecha. Gharama hiyo iingie kwenye bei ya kantini, asibebeshwe mkulima.