Je, wajua? Kuna tilapia anayeishi ndani ya magadi

Mpishi yeyote wa Nairobi anayajua magadi. Kipande kidogo kwenye sufuria ya githeri, maharage yanalainika upesi; ukizidisha, chakula hakiliki. Sasa teremka kwa barabara ya Kiserian, zaidi ya kilomita 100, hadi Ziwa Magadi. Huko magadi ndiyo ziwa lenyewe, na samaki wamo.

Ni aina moja tu, tilapia mdogo aitwaye kitaalamu Alcolapia grahami. Hukaa kandokando, kwenye vidimbwi vya chemchemi za moto. Maji hufika nyuzi 42 za joto, na pH yake (kipimo cha uasidi au ubesi; maji safi ni karibu 7) ni karibu 10.

Anawezaje? Joto tuliache, ajabu kubwa iko kwenye haja ndogo. Samaki wengi hutoa uchafu wa protini ukiwa amonia, nayo hupenya kwenye matamvua na kupotelea majini. Katika maji ya magadi njia hiyo imezibwa: amonia haitoki vizuri, na ikibaki mwilini ni sumu. Huyu basi huigeuza yote kuwa yurea, kama sisi binadamu. Ndiyo, yurea ileile ambayo mkulima hununua kwa gunia la mbolea! Wanasayansi waliitangaza siri hiyo mwaka 1989.

Kazi hiyo hula nguvu, na nguvu hudai oksijeni. Mchana mwani huitoa tele. Usiku inakwisha, naye hupanda juu kumeza hewa.

Mababu zake waliogelea katika ziwa kubwa lililounganisha Magadi na Ziwa Natron la Tanzania, miaka takriban 10,000 iliyopita. Ziwa likakauka, wao wakabaki vidimbwini, wametengwa na gamba la magadi. (Wengine walipelekwa Nakuru kula viluwiluwi vya mbu, wari wakaja kuwala wao.)

Kwenye Orodha Nyekundu ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira, yumo miongoni mwa viumbe walio mashakani, ngazi moja tu kabla ya kuitwa walio hatarini kutoweka. Si kwamba ni wachache. Kidimbwi kimoja kinaweza kujaa. Tatizo ni makazi, ambayo ni hivyo vidimbwi tu. Magadi yamechimbwa hapo kwa zaidi ya miaka 100 na samaki bado wapo, kwa hiyo mimi naziogopea zaidi chemchemi. Zikipungua maji, samaki hana pa kuhamia: mbele yake ni gamba jeupe la chumvi.