Uhamaji wa kijamii ni nini, na kwa nini juhudi peke yake haitoshi

Uhamaji wa kijamii ni hali ya mtu au familia kutoka daraja moja la maisha kwenda jingine, iwe kwa kupanda au kwa kushuka. Mara nyingi hupimwa kwa vizazi: unachukua kipato, elimu au kazi ya mtu mzima, kisha unalinganisha na vya wazazi wake walipokuwa na umri kama wake. Mwanasosholojia Pitirim Sorokin aliichambua dhana hii kwa kina mwaka 1927, na tangu hapo wachumi nao wameivamia kwa takwimu zao.

Wengi huichanganya na pengo la kipato. Pengo linaonyesha umbali uliopo leo kati ya aliye nacho na asiye nacho. Uhamaji unauliza swali la kesho: je, watoto wa hawa wawili watabaki pale pale walipo wazazi wao? Ni maswali mawili, lakini majibu yake huandamana. Mwaka 2012 Alan Krueger, aliyekuwa mshauri mkuu wa uchumi wa Rais Barack Obama, alitumia takwimu za mchumi Miles Corak kuonyesha kwamba nchi zenye pengo kubwa la kipato ndizo ambazo, kwa kawaida, mtoto hurithi zaidi hali ya mzazi wake. Nchini Marekani karibu nusu ya tofauti ya kipato kati ya wazazi huonekana tena kati ya watoto wao wakishakuwa watu wazima. Nchini Denmark ni chini sana ya hapo, takriban asilimia 15.

Kuna namna mbili za kuusoma uhamaji, na mijadala mingi huharibika kwa kutozitenganisha. Ya kwanza huuliza kama mtoto anaishi vizuri kuliko wazazi wake, bei zikishazingatiwa. Ya pili huuliza nafasi yake kati ya wenzake: aliyezaliwa mkiani amesogea, au yuko mkiani bado? Uchumi ukikua, wote wanaweza kupata zaidi huku foleni ikibaki vile vile.

Hiyo namna ya kwanza nayo haiji yenyewe. Mchumi Raj Chetty na wenzake walikuta kwamba kati ya Wamarekani waliozaliwa mwaka 1940, takriban asilimia 90 walikuja kupata kipato kikubwa kuliko wazazi wao. Kwa waliozaliwa miaka ya 1980, ni kama nusu tu. Sehemu kubwa ya anguko hilo haikutokana na uchumi kupunguza kasi. Ilitokana na matunda ya ukuaji kuishia zaidi mikononi mwa waliokuwa juu tayari.

Sasa hapa ndipo inaponiuma, kwa sababu ndipo watu wanapowalaumu maskini. Husemwa: fulani alizaliwa hana mbele wala nyuma, akajituma, leo ni tajiri, kwa hiyo milango iko wazi. Lakini mtu mmoja aliyetoka hatuambii lolote kuhusu uwezekano wa kutoka. Swali ni wangapi waliojituma vile vile wakabaki, na kilichowashika ni nini.

Chukua wanafunzi wawili wenye alama zinazolingana, miezi michache kabla ya mtihani wa mwisho. Mzazi wa kila mmoja anaugua, hawezi kufanya kazi. Nyumba ya kwanza ina akiba na bima, na kuna mjomba wa kumpigia simu. Mwanafunzi anasikitika, anaendelea kusoma. Nyumba ya pili inakopa kwa riba kubwa ili kununua dawa, kodi inachelewa, na mwanafunzi anaanza kufanya vibarua jioni, saa alizokuwa akijisomea. Alama zinashuka kidogo tu, lakini zinatosha kumkosesha nafasi ya masomo. Miaka kumi baadaye ukiziangalia takwimu utaona mmoja alifaulu na mwingine hakufanya vizuri. Ugonjwa hautauona popote. Mtoto wa mwenye nacho anaruhusiwa kukosea, kuugua, kurudia mwaka, hata kubadili mawazo. Mtoto wa asiye nacho anapewa nafasi moja, tena finyu.

Na hata akifaulu, kazi nyingi nzuri huanza na mafunzo yasiyolipwa. Anayeweza kuishi miezi sita bila mshahara ndiye anayeingia.

Ndiyo maana safari huwa ndefu kiasi hicho. Shirika la OECD, ambalo wanachama wake wengi ni nchi tajiri, lilikadiria mwaka 2018 kwamba familia iliyo katika asilimia 10 ya chini kwa kipato ingehitaji, kwa wastani wa nchi wanachama, vizazi vinne na nusu ili watoto wake wafikie kipato cha wastani nchini mwao. Kwa Denmark ni vizazi viwili, kwa Afrika Kusini tisa, na kwa Kolombia 11.

Je, hali hii inaweza kubadilishwa? Ushahidi ninaouamini zaidi unatoka kwenye jaribio lililoanza mwaka 1994 katika miji mitano ya Marekani, ikiwemo Chicago na Boston. Familia zilizoishi kwenye nyumba za umma katika mitaa maskini zilichaguliwa kwa kura. Baadhi zilipewa vocha ya kodi ya nyumba, kwa masharti kwamba zihamie mitaa yenye umaskini mdogo. Watoto waliohama kabla ya kutimiza miaka 13 walikuja kupata, walipofika katikati ya miaka ya 20, kipato kilichozidi kwa takriban asilimia 31 kile cha wenzao wa familia zisizopewa vocha. Wazazi walikuwa wale wale, na damu ile ile. Kilichobadilika ni shule, majirani na usalama wa mtaa.

Waliohama wakiwa wakubwa zaidi hawakupata faida hiyo. Wapo wanaolitumia tokeo hili kudai kwamba vijana wakubwa wasigharimiwe, na hapo nawapinga kabisa. Kuhama mtaa hakukuwasaidia, lakini hilo halijathibitisha kwamba ada, posho ya kujikimu au mafunzo yenye malipo yasingewasaidia. Hayo hayakuwa sehemu ya jaribio.