Je, wajua kwa nini simu mpya husoma mtandao mdogo kuliko kitochi?

Swali hili lilianzia kwetu Ngamiani, mjini Tanga. Nilikuwa nimerudi na simu mpya ya laki nne na nusu, bado ina plastiki yake kwenye kioo, na inasoma vijiti viwili vya mtandao. Kwenye mkeka, pembeni ya sahani ya vitumbua, kulikuwa na kitochi cha shangazi: namba tano imefutika, mfuniko wa nyuma umeshikiliwa na rababendi, vijiti vimejaa. Laini zote mbili ni za kampuni moja.

"Mwanangu," shangazi akauliza, "hiyo laki nne umenunua kioo tu?"

Sikuwa na jibu, nikajipa lililo rahisi: nimeuziwa simu feki. Kesho yake nikarudi dukani. Kijana wa duka alichomoa laini, akaipuliza, akairudisha, akazima simu na kuiwasha. Pale mlangoni kwake ikasoma vijiti vinne. "Kaka, simu nzima hii." Nikafika nyumbani: viwili. Safari ya pili akaniuzia stika ya rangi ya dhahabu ya kubandika nyuma ya simu, shilingi elfu mbili, eti inavuta mtandao. Haikuvuta kitu. Stika ya namna hiyo haijaungwa na antena wala betri wala chochote. Ni karatasi yenye mchoro mzuri.

Kosa langu lilikuwa kuamini kwamba vile vijiti ni kipimo, kama kilo au lita. Ukinunua sukari kilo moja Ngamiani na kilo moja Makorora, unategemea iwe ileile, kwa sababu mizani ina mhuri na wapo watu wa serikali wanaopita kuikagua. Vijiti vya mtandao havina mhuri wa mtu. Hakuna kanuni ya dunia nzima inayosema kijiti kimoja ni kiasi gani, wala vinne vinaanzia wapi. Kila mtengenezaji anajiamulia. Anaweza kuamua tofauti kwa simu zake mbili mwenyewe, au kubadilisha uamuzi simu inapojisasisha usiku wewe umelala.

Ushahidi mzuri kuliko wote ni wa mwaka 2010. Apple walitoa iPhone 4, na baada ya siku chache wateja wakalalamika kwamba ukiishika kwa namna fulani, kiganja kikagusa pembe ya chini kushoto, vijiti vinaporomoka. Julai 2 kampuni ikatoa barua ya wazi. Ilisema imeshangaa kugundua kwamba hesabu yake ya kuonyesha vijiti ilikuwa na makosa kabisa, na kwamba mara nyingi simu ilionyesha vijiti viwili zaidi ya ilivyostahili. Dawa waliyoiahidi ilikuwa kusasisha programu. Tafakari hapo: baada ya kusasisha, mawimbi yanayoifikia simu yalikuwa yaleyale, mnara uleule, antena ileile. Kilichobadilika ni picha. (Antena nayo ilikuwa na tatizo la kweli, ndiyo maana baadaye waligawa kava za bure. Lakini hayo mawili ni mambo mbalimbali, na watu walikuwa wameyachanganya kama nilivyoyachanganya mimi.)

Kwa hiyo mtu anayelinganisha vijiti vya simu mbili tofauti analinganisha maoni ya viwanda viwili.

Nyuma ya vijiti, hata hivyo, ipo namba ya kweli, nayo ni ya ajabu kidogo. Inaandikwa kwa dBm, kipimo cha nguvu ya mawimbi, na karibu daima ni hasi: hasi 70, hasi 95, hasi 113. Isome kama deni la dukani: hasi 85 ni afadhali kuliko hasi 105. Sifuri ya kipimo hiki ni miliwati moja (sehemu moja ya elfu ya wati), na simu haiioni hata kwa mbali.

Ugeni wake uko kwenye hatua. Kila namba ikishuka 10, nguvu inabaki sehemu moja ya kumi. Chukua machungwa ya Muheza. Tuseme mahali penye hasi 70 umepokea machungwa 10,000, lori limeshusha mbele ya nyumba. Ukisogea hadi penye hasi 80 yamebaki 1,000. Hasi 90, machungwa 100. Hasi 100, machungwa kumi, yanatosha kwenye kikapu cha baiskeli. Hasi 110, chungwa moja mkononi. Sasa mwenye kiwanda anatakiwa aligeuze hilo kuwa vijiti vinne au vitano vya kuchora kwenye kona ya kioo. Mmoja atasema kikapu ni vijiti vitatu, mwingine atasema viwili, na hakuna aliyedanganya.

Linaloshangaza zaidi ni kwamba simu inaweza kuishi kwa chungwa moja. Hasi 110 ni sehemu moja ya bilioni mia moja ya miliwati, wakati taa ya tochi ya kitochi peke yake inakula makumi ya miliwati, na bado hapo ujumbe unaingia na mazungumzo mara nyingi yanapita. Kutoka lori hadi kikapu hukuona tofauti yoyote ukiwa unaongea na mtu. Tofauti utaiona pale mwishoni, chungwa linapokuwa nusu.

Ukitaka kuiona namba yako, kwenye simu nyingi za Android ingia Mipangilio, kisha Kuhusu simu, kisha hali ya SIM, utafute palipoandikwa nguvu ya mawimbi. Nyingine hufunguka kwa kupiga *#*#4636#*#*. iPhone hutumia *3001#12345#*. Nilikaa nayo jioni nzima. Yangu ilichora vijiti viwili vilevile kuanzia hasi 98 hadi hasi 107, yaani kutoka machungwa kumi na sita hadi mawili, uso haubadiliki.

Turudi kwa kitochi. Kile kinatumia 2G, mtandao wa kizazi cha pili. Kinapopima mtandao, kinapima njia nzima yenye upana wa kilohezi 200, njia ambayo mnara huitangaza kwa nguvu yake yote saa zote. Simu yangu ilikuwa kwenye 4G, kizazi cha nne. Mnara wa 4G huzigawa nguvu zake kwenye nyuzi nyembamba za kilohezi 15 kila mmoja. Njia yenye upana wa megahezi 10 ina nyuzi 600. Na namba ambayo simu inaiandika, kwa desturi ya 4G, ni nguvu ya uzi mmoja.

Malori mawili yametoka Muheza na mzigo sawasawa. Dereva wa kwanza ukimuuliza amebeba nini, anakutajia lori zima. Wa pili amepanga machungwa yake kwenye matenga 600, na ukimuuliza anakutajia tenga moja. Ukisikiliza bila kujua hilo, utamwonea huruma wa pili. Kwa hesabu, kugawa kwa 600 ni kushuka kama 28 kwenye kipimo chetu: mzigo uleule mmoja atausoma hasi 75, mwingine hasi 103.

Hapa niweke breki. Watengenezaji wanalijua jambo hili, na huweka ngazi tofauti za vijiti kwa 2G na kwa 4G ili pengo lisionekane kubwa hivyo. Pia 2G mara nyingi hupita kwenye masafa ya megahezi 900, mawimbi yenye urefu wa sentimita 33 hivi, na 4G mara nyingi hupita 1800 au zaidi, mawimbi ya sentimita 17 au mafupi zaidi, ambayo huchoka mapema kwenye kuta. Kwa hiyo vijiti viwili vyangu vilitokana na mchanganyiko, na mchango wa kila kimoja haujitengi kwa kuangalia kioo.

Kuna jambo jingine ambalo vijiti havisemi kabisa, nalo ndilo hunifurahisha kupita yote. Mnara ni kama kipaza sauti cha msikiti. Adhana ikitoka, hata aliye mtaa wa pili anaisikia. Lakini aliye mtaa wa pili akiitikia kwa mdomo wake, muadhini hasikii kitu. Vijiti vinapima adhana tu. Jibu lako kwenda mnarani halimo. Ndiyo maana kuna mahali vijiti vinaridhisha, unapiga, na huko wanakwambia "hallo, hallo, unakatika".

Katika kujibu, kitochi ni mpayukaji. Simu ya 2G kwenye masafa ya 900 inaruhusiwa kufika wati mbili. Simu ya 4G kwa kawaida huishia kama wati 0.2. Mara kumi! Ukweli kamili unapunguza utamu kidogo: simu ya 2G huongea kwa zamu, sehemu moja tu ya nane ya muda, kwa hiyo wastani wake ni robo wati. Lakini zamu yake ikifika, inapiga kelele kweli.

Na zamu hizo zina kioja chake. Kila zamu haifiki hata sehemu moja ya elfu ya sekunde. Sauti ya simu iliyo mbali, pamoja na kukimbia kama mwanga, huchelewa kufika na ingeangukia kwenye zamu ya mwenzake. Kwa hiyo mnara huiamuru simu ianze kusema mapema kidogo. Zimewekwa hatua 63 za kufidia, kila moja kama mita 550, na zikiisha, zimeisha: takriban kilomita 35. Bara mara nyingi hutaligundua hili, milima na majumba yatakuwa yamekukatia mtandao zamani. Baharini ndiko linapoonekana. Mkondo kati ya Tanga na Pemba una upana wa kama kilomita 50, na hauna kilima hata kimoja. Mvuvi aliyetoka Deep Sea, pwani ya Tanga mjini, anaweza kufika mahali ambapo mnara wa 2G anausikia vizuri lakini mnara haumtaki, kwa sababu ya umbali peke yake. Kampuni zikitaka zinaweza kurefusha mpaka huo kwa kutoa mhanga baadhi ya zamu, na 4G imebuniwa kuvumilia umbali mkubwa zaidi.

Msongamano nao ni kesi nyingine. Nenda viwanja vya Tangamano hapa Tanga siku kuna mkutano mkubwa, vijiti vimejaa, bando lipo, na gurudumu linazunguka tu. Kinyozi ni mmoja na benchi limejaa. Kumuona vizuri hakukusogezi foleni.

Je, simu mpya haiwezi kuwa na kasoro kweli? Inaweza. Simu iliyotengenezwa kwa soko la Marekani huenda ikakosa baadhi ya masafa yanayotumika huku, kama megahezi 800, na hapo hata kijana wa duka aipulize vipi haitasoma. Linganisha masafa ya toleo lako na ya kampuni yako kabla hujalipa. Laini ya zamani, hasa ile iliyokatwa kwa mkasi ili ienee, inaweza kukubakiza kwenye H au E, alama za 3G na 2G. Kampuni itakubadilishia kwa namba ileile ukiweka kidole. Kava yenye bati la sumaku nayo itazame kwa jicho baya. Simu yenye fremu ya chuma ina mistari myembamba ya plastiki ubavuni. Wengi tunadhani ni urembo, kumbe ndiyo inayotenga vipande vya antena na fremu nyingine.

Yangu haikuwa na kasoro yoyote kati ya hizo. Tatizo lilikuwa nyumba. Paa ni mabati, na bati hurudisha mawimbi yalikotoka. Nilipita na namba yangu chumba hadi chumba: kitandani hasi 113, ukumbini hasi 109, dirishani hasi 99, nje barazani hasi 91. Kati ya kitanda na baraza, nguvu inaongezeka mara zaidi ya mia moja na hamsini, hatua zisizofika ishirini. Mlango wa duka la yule kijana, ukumbuke, uko wazi barabarani.

Dirisha lile ndilo ambalo kitochi cha shangazi hulala kila siku, kimechomekwa kwenye nondo, nami miaka yote nilidhani ni mazoea ya utu uzima. Nilipomuuliza alisema, "Hapo ndipo kinapolia." Sasa zinalala mbili. Nilimwonyesha namba, nikamweleza kwamba pale tuna hasi 99. Akauliza ni nani anayetudai.