Samaki Hai Si Ushahidi wa Maji Safi

Picha za maji meusi na povu la Mto Nairobi zikisambaa, simu za ofisini kwetu huanza kulia: je, samaki wa sokoni wana sumu? Samaki wengi wanaouzwa Gikomba na City Market hawakuvuliwa mto huo. Wametoka Ziwa Victoria, Naivasha au Turkana, au wameletwa kutoka China wakiwa wamegandishwa. Anayenitia wasiwasi ni kambare wa mtoni, kule chini Mto Nairobi unakoelekea kuungana na Athi, pamoja na samaki wa vidimbwi vinavyojazwa maji ya mto kwa pampu.

Wenye vidimbwi hivyo huniuliza, "Kama maji ni mabaya, mbona samaki wanaishi?" Kambare ana kiungo cha kumwezesha kuvuta hewa juu ya maji, kwa hiyo huvumilia mahali ambapo tilapia angekufa. Uhai wake hauthibitishi chochote kuhusu maji.

Mto huu hupita Gikomba na Korogocho, ubavuni mwa jaa la Dandora, kisha hupokea maji ya Mto Ngong ambao umeshapita Eneo la Viwanda. Betri zilizotupwa na rangi za zamani huleta metali ya risasi. Viwanda vya ngozi hutumia kromiamu. Wanaopaka vyuma huacha zinki na kadimiamu, nazo pia ni metali. Mwaka 2007, uchunguzi wa Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira karibu na jaa la Dandora ulikuta nusu ya watoto waliopimwa wana risasi kwenye damu kupita kiwango kilichokubalika kimataifa. Hapo ni nchi kavu. Lakini mvua husomba takataka na udongo wa jaa hadi mtoni.

Kinyesi na mabaki ya chakula huoza yakaisha. Metali haziozi. Hushikamana na tope la chini, zikatulia humo miaka mingi hadi mafuriko yalivuruge. Kambare hula humo humo topeni.

Madhara huanzia kwenye matamvua, ngozi nyembamba ambayo samaki huitumia kupumua na kusawazisha chumvi ya mwili. Kadimiamu na risasi hupenya kupitia njia zile zile za kalisiamu. Shaba huvuruga uingiaji wa sodiamu, samaki akapoteza chumvi. Matamvua yakijitetea hutoa ute mwingi, na ute huo huo huzuia oksijeni. Ndiyo maana utawaona samaki wakipanda juu wakitwetea. Shaba kidogo tu, isiyotosha kuua, hudhoofisha uwezo wa kunusa, na samaki asiyenusa hamtambui adui aliye karibu. Vifaranga huumia kuliko wakubwa. Risasi ikiwaathiri kwa muda mrefu, uti wa mgongo hupinda na mkia ukawa mweusi.

Anayesalia hujenga kinga ya aina yake: ini na figo hutengeneza protini inayozifunga metali. Humsaidia yeye, si mlaji. Risasi na kadimiamu hujikusanya zaidi kwenye matamvua, ini, figo na mifupa kuliko kwenye mnofu. Basi mwenye kupenda supu ya vichwa na matumbo ya samaki wa mtoni (najua ni tamu) ndiye anayejiweka hatarini zaidi. Zebaki haifuati kanuni hiyo: hukaa kwenye mnofu wenyewe, na huongezeka kadiri samaki mkubwa anavyowala wadogo. Mkasa wa Minamata, Japani, uliobainika mwaka 1956, ulitokana na zebaki ya kiwanda iliyowafikia watu kupitia samaki na kombe. Kukaanga hakusaidii. Maji hukauka, metali hubaki.

Mfugaji, usitumie maji ya mto unaopita jijini, hata yakionekana maangavu baada ya kutuama. Tumia kisima kilichopimwa au maji ya mvua, na uliza ardhi ya kidimbwi ilitumiwa kwa kazi gani zamani. Palipokuwa na karakana ya betri pasichimbwe. Ukipeleka sampuli maabara, usipeleke chupa ya maji peke yake. Chota na tope la chini, kwa chombo cha plastiki safi, kisha omba vipimo vya risasi, kadimiamu, kromiamu na zebaki kwa majina yake, kwa kuwa kipimo cha kawaida cha maji mara nyingi hutazama vijidudu tu.