Kasi ya Intaneti Inayopotelea Sebuleni

Wateja wangu wengi hapa Kampala, video inapoanza kukwama kwenye televisheni, hukimbilia kifurushi kikubwa zaidi, ilhali kile wanacholipia kinatosha. Netflix hupendekeza megabiti 5 kwa sekunde kwa video ya HD ya 1080p, na 15 kwa ile ya 4K. Kwa hesabu hiyo, mwenye laini ya megabiti 20 anaweza kuonyesha video tatu za HD kwa wakati mmoja na bado akabakiwa na akiba.

Hesabu huharibikia hewani, kati ya ruta na televisheni. Vifaa vyote vya Wi-Fi vinavyosikilizana kwenye chaneli moja, yaani njia moja ya mawimbi ya redio, vya jirani vikiwemo, hupeana zamu, kwa hiyo kasi iliyoandikwa kwenye boksi la ruta ni ya nadharia. Nusu yake ikifika, mimi huridhika. Taabu kubwa iko kwenye bendi (kundi la chaneli) ya gigahezi 2.4, yenye chaneli tatu tu zisizoingiliana, yaani 1, 6 na 11, ambazo katika nyumba za kupanga za Ntinda, penye ruta karibu kila mlango, hujaa mapema. Nayo simu iliyo chumba cha mbali na ruta, kwa kuwa mawimbi yake ni hafifu, hutuma polepole na kukalia zamu muda mrefu, hata kama inachopakua ni kidogo.

Bendi ya gigahezi 5 ina chaneli nyingi zaidi, ila hudhoofika upesi ikikutana na kuta za matofali. Inafaa ikiwa ruta na televisheni viko chumba kimoja. Vinginevyo, pitisha kebo. Vifaa vya bei nafuu vya kurudia mawimbi sivipendi, kwa sababu vingi hupokea na kutuma kwa redio ileile, na kasi hupungua karibu nusu.

Kabla ya kuongeza kifurushi, pima kasi kwa kompyuta iliyounganishwa na ruta kwa kebo, kisha upime tena kwa Wi-Fi palipo na televisheni, ikiwezekana saa mbili usiku, majirani wakiwa mtandaoni. Kebo ikitoa megabiti 20 na sebuleni zikafika 4, hamisha ruta kwanza. Ikiwa hata kwa kebo kasi ni ndogo, hapo ndipo umpigie mtoa huduma. Wanaonunua data kwa kipimo wakumbuke kuwa megabiti 5 kwa sekunde hula takriban gigabaiti 2.25 kwa saa.